Firigisi ya Osaka

Jumapili ya kwanza baada ya kiwanda cha magari kufungwa, mume wangu aliisogeza firigisi kwa uma hadi ukingoni mwa sahani, akaiacha pale. Alikula wali, akamaliza paja la kuku, akakomba mchuzi kwa kipande cha mkate. Firigisi ilibaki peke yake, ikapoa. Niliiona, kwa sababu kuona ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kabla ya kuhamia Ubelgiji nilikuwa mwandishi wa habari Mwanza kwa miaka kumi na moja, na mpaka leo natembea na daftari. Lakini siku hiyo sikuuliza kitu. Niliondoa vyombo, nikaifunika firigisi kwa kibakuli na kuiweka kwenye friji, nikidhani ataitaka jioni.

Kwetu Mwanza na kwao Bukavu tunatofautiana mambo mengi, kuanzia ugumu wa ugali mpaka Kiswahili chenyewe. Kwenye kuku tuko kitu kimoja: firigisi ni ya baba. Mwanamke anaipasua, anaisafisha mchanga, anauchuna ule utando wa njano, anaipika mpaka inalainika, kisha anaiweka juu ya sahani ya mume wake mahali inapoonekana. Yeye haili. Mama yangu hakuila. Mimi nilikuwa nimepika kuku karibu kila Jumapili kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa, na sikuwahi kuionja.

Jumapili ya pili alisema, “Sina njala, maman. Nitakula kiisha.” Nyumbani tunaitana papa na maman, kama Wakongo wengi, tangu binti yetu azaliwe. Alikula baadaye kweli, jikoni, amesimama, sahani ameiweka juu ya mashine ya kufulia nguo na uso ameuelekeza dirishani, kwenye ua wa nyuma ambako hakuna cha kutazama isipokuwa baiskeli za majirani. Mwezi ulipoisha alikuwa haketi mezani kabisa. Binti yetu yuko chuoni Liège, anakuja mara mojamoja. Kwa hiyo nilikula peke yangu, kwenye meza ya watu wanne, katika nyumba yetu ya ghorofa ya tatu pale Etterbeek, Brussels, nikisikia kijiko chake kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta.

Hakuwa mkali, wala hakunywa. Alidamka saa ileile aliyozoea kudamka kwenda kiwandani Forest, akanyoa ndevu, akavaa, kisha akakaa. Majirani waliponiuliza nilisema anapumzika. Ukweli ni kwamba mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu, mume wangu arudi mezani, na sikujua nianzie wapi.

Kiwandani alikuwa mtu wa milango. Kwa miaka mingi alifunga milango ya magari akisaidiana na mkono wa chuma ambao, kwa maneno yake, ulizaliwa Osaka, Japani. Aliuita kuzeni, yaani binamu. “Leo kuzeni amenuna,” angesema akirudi, maana yake mashine ilisimama. Siku zote alisema akistaafu ataenda kuuona mji huo wa kuzeni. Safari tulikuwa tumeipanga kwa ajili ya mwaka mwingine, lakini binti yetu alipiga simu akasema, “Muende sasa. Papa ana muda.” Alisema kwa wema. Nilimwona baba yake akilitazama lile neno muda kana kwamba limewekwa mbele yake kwenye sahani.

Wiki ya mwisho kabla ya safari nilikwenda kusuka kwenye saluni za Galerie d'Ixelles. Msusi wangu ni mwanamke wa Goma, mikono yake myepesi kuliko ulimi wake, na kwake hakuna siri inayotoka nzima. Alinivuta kichwa nyuma.

“Japon? Maman, kule banakula samaki mubichi! Bwana yako atarudia amekonda sawa hii,” akaniinulia shanuo la chuma mbele ya kioo.

“Hali hata kuku wangu,” nikasema, na kabla sijajua nikawa nimemweleza mambo yote ya firigisi.

Alimaliza kwanza msuko mmoja. “Weye usiache. Umupatie tu. Kila dimanche, pale juu ya sahani, hata kama anaikataa. Muwanaume asipopata ile atasema nyumba imemutupa. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Alors, kichwa sawa,” akakirudisha kichwa changu mbele.

Nilimsikia, na tayari nilikuwa nikifanya hivyo. Kila Jumapili nilikuwa naiweka firigisi kwenye sahani yake, sahani naiacha jikoni, na kila Jumapili niliikuta imebaki. Niliamini namheshimu. Niliandika hata kwenye daftari, tarehe pembeni: *ameiacha tena*.

Tokyo ilitupokea kwa joto ambalo sikulitarajia. Nilizaliwa kando ya ziwa, nalijua jua, lakini lile lilikuwa joto la kufunikwa blanketi lililoloweshwa. Wanaume wa ofisini walitembea na vitaulo shingoni. Nyenje walipiga kelele kwenye miti ya barabarani kama mafundi cherehani elfu moja. Kila baada ya hatua chache kulikuwa na mashine ya vinywaji, na mume wangu alisimama mbele ya kila moja, akainama kusikiliza jinsi kopo linavyoanguka. “Hii iko na ressort ya muzuri,” alisema kuhusu moja. Niliandika: spring nzuri. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya siku nzima ambayo haikuwa jibu.

Mimi ndiye niliyekuwa na ratiba. Saa mbili hekalu, saa nne bustani, saa sita chakula, na kwenye kila mstari nafasi ya kuweka alama. Chakula cha kwanza tulikula kwenye kiduka cha tambi ambako unachagua kwa kubonyeza kitufe kwenye mashine ya mlangoni, unapewa kikaratasi, unaketi. Viti vilipangwa kuelekea ukutani, na kati ya kiti na kiti kulikuwa na ubao. Huoni uso wa jirani yako. Bakuli linatokea kwenye kidirisha kidogo, limeshikwa na mikono tu.

Alikula tambi zake zote, akanywa supu mpaka tone la mwisho. Nilichungulia nyuma ya ubao.

“Unapenda?”

“Hapa ni muzuri sana. Muntu anakula, hakuna mwenye kumuangalia.”

Nikaweka alama kwenye mstari wa saa sita. Ameketi, nikaandika, amemaliza. Ni pale tu nilipokuwa nalifunga daftari nilipotambua kwamba alikuwa ameketi kuelekea ukutani, kama anavyosimama kuelekea dirisha la jikoni kwetu. Nilikuwa nimempeleka mwisho wa dunia nikamtafutia mashine ya kufulia nyingine.

Kyoto tuligombana, si kwa sauti. Tulikuwa tunapanda mlima wenye milango myekundu ya mbao, milango maelfu, imesimama karibukaribu hadi inakuwa kama handaki. Nilidhani itamfurahisha, yeye mtu wa milango. Aligusa nguzo moja kwa kiganja.

“Haina poignée,” akasema. Haina kitasa.

“Si milango ya kufunga, papa.”

“Njo ile minasema. Hakuna wa kufunga.”

Ilikuwa saa nne, jua kali, na ratiba ilisema kileleni saa nne na nusu. Nilimhimiza. Aliketi kwenye ngazi ya jiwe, akajifuta jasho kwa kile kitaulo alichonunua ili afanane na watu wa ofisini.

“Maman, weye unatembea sawa contremaître,” alisema. Yaani kama msimamizi wa zamu. “Miye niliachaka contremaître kule Forest.”

Watalii walitupita. Nilitamani nimwambie kwamba ratiba ni woga wangu tu, kwamba nikiacha nafasi tupu kati ya saa moja na nyingine naogopa ataijaza kwa kimya. Badala yake nilikwenda kununua barafu iliyokunwa, bakuli moja, vijiko viwili, imemiminiwa sharubati ya chai ya kijani. Tulikula kwa zamu pale ngazini, na kileleni hatukufika. Alama ya mstari ule mpaka leo haipo.

Osaka tulifika siku ya tisa. Tulianza kwa kutembea tu, kwa sababu nilikuwa nimeiacha ratiba hotelini makusudi, na nilijisikia uchi bila hiyo. Alitaka kula mahali ambako sahani za samaki hupita mbele ya watu juu ya mkanda. Tuliketi bega kwa bega. Mkanda ulitoka nyuma ya pazia, ukapita mbele yetu, ukazunguka kona, ukarudi. Nilichukua ya samoni, nikachukua ya yai. Yeye hakuchukua kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza.

“Papa, kula.”

“Ngoja.” Akanyoosha kidole kwa sahani moja yenye pweza aliyejikunja kidogo pembeni. “Ile imezunguka mara neuf. Nimeisha kuhesabu.”

“Mara tisa?”

“Neuf. Hakuna mwenye kuitaka. Na mashine haisimame.” Sahani ikapita tena. “Donc sasa dix,” akanionyesha vidole kumi.

Nilinyoosha mkono kuichukua ile ya pweza. Aliushika mkono wangu, taratibu, akaurudisha juu ya meza. “Usiihurumie, maman.” Halafu mlango mdogo ukafunguka upande wa chini, sahani ikatolewa, mkanda ukaendelea. Alikunywa chai yake baridi ya shayiri na tukaondoka, mimi nimeshiba, yeye bado.

Kwa hiyo saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu, tuliingia kwenye kiduka cha mishikaki kwenye kichochoro kilichokuwa njiani kuelekea hotelini. Viti saba kwenye kaunta, na nyuma ya kaunta mwanamke wa makamo amefunga kitambaa kichwani, anapepea makaa kwa kipepeo cha karatasi. Ukutani kulikuwa na mchoro wa kuku mzima uliogawanywa kwa mistari, kila sehemu na namba yake. Hatukuwa na lugha naye, lakini mchoro ulitosha. Nilinyoosha kidole kwenye paja, nikanyoosha kwenye bawa, halafu nikaiona firigisi pale katikati ya tumbo, nikaitambua mara moja, maana nani angeitambua kuliko mimi niliyeisafisha miaka yote ile. Nikaonyesha moja kwa kidole, nikamwelekezea mume wangu.

Mwanamke yule aliinua vidole viwili, akatutazama kwa zamu, akaguna kukubali. Kwake watu wawili ni mishikaki miwili.

Aliuweka mmoja mbele ya mume wangu na mmoja mbele yangu. Vipande vitano kwenye kila kijiti, vimekatwa vyembamba, chumvi tu na tone la ndimu. Sikufikiri. Mkono wangu ulinyanyua mshikaki wangu na kuuweka kwenye sahani ya mume wangu, juu ya ule wa kwake, mahali unapoonekana.

Mpishi aliona. Akasogea, akaitazama sahani yangu tupu, akauliza jambo kwa uso wenye wasiwasi. Labda alidhani haukuiva. Nilitabasamu, nikatikisa mikono kusema hapana, si kosa lako. Akarudi kwenye makaa, na baada ya muda akaniletea mwingine, umechomwa zaidi. Nikamshukuru kwa kuinama, nikauhamisha.

Akaleta wa tatu.

Safari hii aliuweka mbele yangu, akakunja mikono, akasimama hapohapo kama muuguzi anayesubiri umeze kidonge. Kijana mmoja wa ofisini aliyeketi mwisho wa kaunta, kitaulo shingoni, alikuwa anakula firigisi zake mwenyewe huku akitutazama. Pembeni yake msichana mwenye mkoba wa shule ya muziki, kitu kama zumari kimechomoza, naye alikuwa anakula firigisi. Nilinyanyua kijiti.

“Maman.” Sauti ya mume wangu ilikuwa ya chini sana. “Usinipatie tena.”

“Ni yako.”

“Ju ya nini ni yangu?”

Nani huulizwa kwa nini firigisi ni ya baba?

“Nasema, ju ya nini? Kule nyumbani papa alitumika kazi, analeta kuku, anakula firigisi. Bon. Miye kuku nilileta lini? Kila dimanche unaniwekea ile kintu kwa sahani sawa mushahara. Mushahara ya kazi gani? Kazi iliisha. Minaiangalia, inaniangalia.” Alisukuma sahani yenye mishikaki mitatu, si kwa hasira, kama mtu anayerudisha chombo kisicho chake. “Ningeikula mbele yako namna gani?”

Mpishi bado amesimama. Makaa yalitoa cheche.

“Mbona hukusema?”

“Haukuuliza.” Akageuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza tukiwa na chakula kati yetu tangu kiwanda kifungwe. “Weye unaulizaka bantu yote. Unauliza mwenye kuuza tiketi jina ya muti. Miye haukuniuliza.”

Nilikuwa na sentensi kadhaa tayari. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa namheshimu, kwamba hata msusi aliniambia, kwamba mishahara yetu haijawahi kuwa na ukuta kati yake. Zote zilikuwa za kweli na zote zilikuwa za kunitetea. Nilikitazama kijiti mkononi. Kisha nikafanya kitu ambacho mama yangu hakukifanya mpaka anakufa: nikang'ata.

Ilikuwa ngumu, halafu ikakatika chini ya jino kwa sauti, kama tango. Ina chumvi, ina moshi, na ndani kabisa utamu mdogo unaokuja umechelewa. Nilitafuna pole pole kwa sababu watu wanne walikuwa wananitazama.

“Alors?” akauliza.

“Hii ndiyo mliyokuwa mnatuficha?”

Kwanza hakucheka. Akajaribu kujizuia, bega likatikisika, kisha kicheko kikamtoka chote, kile cha zamani cha tumboni, mpaka kijana wa ofisini naye akacheka bila kujua sababu. “Siri ya miaka elfu,” alisema akifuta macho kwa kitaulo. “Mumeshaijua. Sisi tumekwisha.”

Mpishi akapiga makofi mawili madogo, akarudi kwenye makaa. Mume wangu aliivuta ile sahani, akachukua kijiti kimoja, na tukala, kila mtu wa kwake, miwili iliyobaki tukaigawana kipande kwa kipande. Kilibaki kimoja. Hakuna aliyekigusa.

Siwezi kudai kwamba Osaka ilimponya. Kuzeni hatukumwona, kiwanda kinachotengeneza mikono ile kiko mbali na mji na hakipokei wageni. Tuliporudi Brussels alidamka tena saa yake ya kiwandani, akanyoa, akakaa. Jumatatu nilimkuta jikoni, sahani juu ya mashine ya kufulia. Aliyebadilika ni mimi. Nilichukua sahani yangu, nikasimama kando yake, tukala wawili tukitazama baiskeli za majirani, na nikamuuliza. Nilimuuliza siku ya mwisho kiwandani ilikuwaje. Alinieleza kwamba alifunga mlango mmoja wa mwisho, wa kushoto nyuma, kisha akaufungua na kuufunga tena, bila sababu. Sikuandika popote.

Jumapili nilipika kuku. Firigisi sikuiweka kwenye sahani ya mtu. Niliiacha kwenye bakuli la mchuzi, katikati ya meza, pamoja na shingo na mabawa, nikaketi mahali pangu. Sikumwita. Nilisikia kabati la jikoni likifunguliwa, likifungwa. Halafu akaja na sahani yake, kijiko, na kisu kidogo cha kukatia vitunguu.

Alichota wali, akachota mchuzi akiizunguka firigisi. Mimi pia niliizunguka. Tulizungumza habari za binti yetu, na za jirani wa chini aliyenunua mbwa mkubwa kuliko lifti. Kuku akapungua mpaka firigisi ikabaki peke yake katikati ya bakuli, kama ile ya kwanza. Akaiinua kwa uma, akaiweka juu ya kifuniko cha sufuria, akaikata kwa kile kisu. Vipande viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa karibu mara mbili ya kingine, na alikiweka kwangu.

“Mtu wa milango,” nikasema, “unashindwa kukata sawa?”

“Milango inakuyaka kiwandani imeisha kukatwa, maman,” akajibu, mdomo umejaa. “Miye nilikuwa wa kufunga tu. Kula, itapola.”

Akavuta kiti karibu na meza.